Nakesha na paka wa marehemu mume wangu, na mwenyewe sijiwezi

Mpendwa Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 54, mkazi wa Ujiji, mama wa watoto wanne, na sasa ni mjane niliye katika mwezi wa tatu wa eda. Nimesita kwa muda mrefu kuandika barua hii, kwa sababu najua wapo watakaosema kwamba mtu mzima aliyefiwa na mume hana sababu ya kuhangaishwa na paka; lakini jambo hili limenizidi, na hapa nyumbani sina wa kumweleza bila kuonekana nimepungukiwa akili.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwa zaidi ya miaka 25, katika siku za giza, alitoka nyumbani jioni, akavua kwa taa usiku kucha, na kurudi baada ya swala ya alfajiri. Miaka 13 iliyopita alirudi na kitoto cha paka alichokiokota mwaloni Katonga, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kikiwa kimelowa chapachapa, na kwa kuwa siku ya kwanza kilipopewa samaki kilimaliza kichwa cha kuhe peke yake, tukakiita Kuhe. Paka huyo alikuwa wa mume wangu kuliko alivyokuwa wa mtu mwingine yeyote. Alimngoja mlangoni kila alfajiri, na aliitambua sauti ya baiskeli yake kabla sisi wengine hatujaisikia. Mwaka 2024, shughuli za uvuvi zilipositishwa katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3 ili samaki wazaliane, mume wangu alilala nyumbani kila siku, na Kuhe akawa analala miguuni pake kana kwamba alikuwa akiisubiri likizo hiyo maisha yake yote.

Mume wangu aliugua siku 4 tu, au niseme siku 4 ndizo alizokubali kwamba anaumwa, maana alikuwa mtu wa kuficha maumivu. Usiku wa mwisho nilikuwa naye wodini. Nilimshika mkono mpaka kama saa nane za usiku, kisha usingizi ukanichukua nikiwa nimekaa, na nilipozinduka kwa adhana ya alfajiri, alikuwa amekwisha kukata roho. Muuguzi aliniambia kwamba aliondoka kwa utulivu, lakini mimi sikuona, nami nilikuwa pale pale.

Siku za msiba sikulia sana. Nyumba ilijaa watu, mahitaji yalikuwa mengi, na wengi walinisifu kwa subira. Wiki ya sita Kuhe akaanza kukonda. Anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara mpaka ameharibu mkeka, anatapika asubuhi, na mdomo wake unatoa harufu kali. Kijana wangu alimwita daktari wa mifugo, naye alimpapasa, akamtazama fizi, akapima mkojo wake, akatuambia kwamba figo zimechoka kwa uzee na haziwezi kupona, ila yapo mambo ya kumpunguzia taabu. Tangu siku hiyo ninalia kila siku. Usiku naamka kila baada ya saa moja, ninammulika kwa tochi kuona kama mbavu zake bado zinapanda na kushuka. Mimi ni mgonjwa wa presha, na dawa zangu nimeziruka siku nyingi bila kukusudia. Kichwa kinaniuma upande wa kisogoni, na mgongo hauniachi.

Wifi yangu, anayekaa nami wakati huu wa eda, aliniambia mbele ya watu, "Kaka yangu hukumlilia hivi, leo unamlilia paka?" Anataka Kuhe apelekwe mwaloni akaachwe huko, kwa sababu kila alfajiri bado anajikokota mpaka mlangoni, anakaa, anangoja, na wifi anasema kwamba hilo ni nuksi. Jirani yangu naye, kwa huruma, amenishauri nimpe nusu ya kidonge cha paracetamol ninachomeza mimi, ili maumivu yapungue. Kidonge nimekwisha kukikata, kipo kwenye kisosi dirishani. Naomba unielekeze: je, nimpe? Je, ninamkosea marehemu kwa kulia hivi? Na nitaendeleaje, maana siku zinapita na nguvu zinaniishia?

Mjane, Ujiji

Dada yangu,

Wa alaykum salaam. Pokea pole yangu kwa kuondokewa na mwenzio. Kabla ya neno jingine lolote, nakuomba uinuke sasa hivi, ukitoe kile kipande cha kidonge dirishani na kukitupa mahali ambapo mnyama wala mtoto hafiki. Usimpe Kuhe paracetamol, hata robo yake. Ini la mwanadamu lina njia ya kuivunja dawa hiyo na kuitoa mwilini, lakini ini la paka halina njia hiyo ya kutosha, kwa hiyo dawa hugeuka sumu inayoharibu damu isiweze kubeba hewa. Fizi hugeuka kuwa za kahawia au za samawati, uso na nyayo huvimba, na pumzi humwia ngumu. Nusu ya kidonge cha kawaida ni miligramu 250, na kiasi hicho kinaweza kumuua paka, sembuse aliyekonda. Diklofenaki na ibuprofeni nazo, ambazo watu wa mgongo kama wewe hawakosi kuwa nazo nyumbani, huumiza figo, na za Kuhe tayari hazina nguvu. Jirani yako alikuwa na nia njema, na mshukuru, lakini dawa ya maumivu ya paka itoke kwa daktari wa mifugo peke yake.

Pili, wewe mwenyewe. Umeandika habari za presha yako katika sentensi moja, katikati ya habari za paka, nami niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Mgonjwa wa presha aliyeruka dawa kwa siku nyingi, asiyelala, na anayeumwa kichwa kisogoni, anapaswa kupimwa leo. Eda haimzuii mjane kwenda kutibiwa anapougua. Kama una wasiwasi, mwulize shehe wako, lakini usiufanye wasiwasi huo kuwa sababu ya kungoja. Kipimo kikisoma 180 kwa 120 au zaidi, usirudi nyumbani kabla ya kuonana na daktari. Usijaribu kufidia vidonge ulivyoruka kwa kumeza viwili viwili. Anza upya kama utakavyoelekezwa. Na kwa kuwa najua kwamba maji ya Kuhe huyasahau kamwe, weka dawa zako pale unapowekea bakuli lake la asubuhi, ili mkono unaomimina maji uchukue na kidonge.

Sasa nije kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha barua yako, ingawa hukuliuliza. Unaamka kila saa kummulika paka kwa tochi. Dada yangu, paka mzee mwenye ugonjwa wa figo hahitaji kumulikwa kila saa. Mara nyingi ugonjwa huu huenda kwa wiki na kwa miezi. Hata dalili ulizoziona hujitokeza pale ambapo karibu theluthi mbili za uwezo wa figo zimekwisha kupotea kimya kimya. Tochi hiyo haimsaidii Kuhe, na nadhani haikuwashwa kwa ajili yake. Inamtafuta mtu aliyeondoka kati ya saa nane na adhana ya alfajiri, wakati ulipokuwa umesinzia ukiwa umekaa. Umejiapiza, pengine bila kujua, kwamba safari hii hakuna atakayekutoka ukiwa umefumba macho.

Naomba uniruhusu nizungumze nawe juu ya usiku ule. Ulikuwa umemuuguza mume wako kwa siku 4, na mkono wake ulikuwa mkononi mwako mpaka mwili wako wenyewe ukakushinda. Waliokaa miaka mingi wodini watakusimulia kwamba wagonjwa wengi hukata roho katika zile dakika ndogo ambazo ndugu ametoka kuchota maji, au ameinamisha kichwa kidogo. Hiyo si dalili ya kutelekezwa. Jambo la mwisho ambalo mume wako alilijua duniani ni kwamba mke wake yupo, na kulala kwako hakukulibatilisha jambo hilo. Wala hukuwa na namna ya kuyaona mapema maumivu ambayo mtu mzima ameamua kuyaficha. Paka nao wana tabia hiyo hiyo ya kuficha maradhi mpaka yawazidi, na ninaamini ndiyo maana ugonjwa wa Kuhe umekuchoma kiasi hiki: ni mara ya pili katika mwaka mmoja unaambiwa kwamba aliye karibu nawe alikuwa anaumwa, nawe hukujua.

Kwa hiyo nakuomba mpange usiku upya. Kijana wako amtazame Kuhe kabla ya kulala, ahakikishe ana maji na mahali pa kujisaidia, kisha wote mlale mpaka alfajiri. Nitakueleza waziwazi jambo moja ili lisikujie kwa ghafla: huenda Kuhe akafa usiku mmojawapo ukiwa umelala. Ikitokea hivyo, hutakuwa umemwacha.

Umeuliza kama unamkosea marehemu kwa kumlilia paka ilhali yeye hukumlilia sana. Wakati wa msiba ulikuwa na wageni wa kuwapokea na nyumba ya kuiendesha, na kilio kilikosa nafasi. Mama yangu alipofariki, mimi pia sikulia siku ya maziko. Nililia baada ya miezi mitano, jikoni, siku nilipoinamisha chupa ya mwisho ya mawese aliyonikamulia mwenyewe nikaona hayashuki tena. Nilikaa chini sakafuni na chupa ile mapajani, mchana kutwa, na mume wangu aliporudi alidhani nimepokea habari mpya ya kifo. Sikuwa nikililia mafuta. Wewe nawe una kiumbe mmoja tu katika nyumba hiyo ambaye bado anamngoja mume wako mlangoni kila alfajiri, na sasa naye anakonda mbele ya macho yako. Unapomlilia, unawalilia wote wawili, na sioni sababu ya kukutaka uyatenganishe machozi hayo.

Na kwa wale wanaoona kwamba paka hastahili huruma yote hiyo, wapo wasomaji wengi watakaokumbuka habari ya sahaba Abu Qatada, ambaye alikuwa akitaka kutawadha, paka akaja kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akatosheka. Mkwe wake, Kabsha, alipomtazama kwa mshangao, alimjibu kwamba Mtume (S.A.W.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzungukia majumbani. Huyo wako amewazungukia kwa miaka 13. Kumpeleka mnyama mgonjwa mwaloni na kumwacha huko afe kwa njaa, au kwa kung'atwa na mbwa, ni jambo ambalo siwezi kulishauri kwa hali yoyote, na nakusihi usilikubali hata ukishinikizwa.

Kuhusu kumtunza, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wako bila gharama kubwa. Figo zilizochoka haziwezi kuuzuia mwili usipoteze maji, na hiyo ndiyo sababu anakojoa sana na kunywa sana. Kwa hiyo usimpunguzie maji hata kidogo ili kuuokoa mkeka. Mwekee mabakuli mawili au matatu sehemu tofauti, na moja liwe karibu na mlango anapokaa alfajiri. Jaza mchanga wa ziwani kwenye karai lenye kingo fupi, asihangaike kupanda, na uubadilishe kila siku. Dagaa wakavu, hasa wa chumvi, waache kabisa, ijapokuwa najua kwamba kwa paka wa mvuvi hilo ni kama kumnyima ugali mtu mzima; chumvi na madini yaliyomo kwenye mifupa yao yanaziongezea figo kazi. Mchemshie nyama ya kuku au mgebuka mbichi bila chumvi, uondoe miiba kwa vidole, uichambue laini pamoja na ute mweupe wa yai uliochemshwa, umpe kidogo kidogo ikiwa ya uvuguvugu, kwa maana harufu ya chakula chenye joto humvuta paka aliyepoteza hamu. Mchuzi wenye kitunguu maji au kitunguu saumu usimpe, kwa sababu vitu hivyo huharibu damu yake. Akikataa kula kabisa kwa siku 2, usingoje ya tatu, mpigie daktari, maana ini la paka huharibika haraka akikaa na njaa.

Huyo daktari mwulize mambo mawili. La kwanza, kama anaweza kumwekea Kuhe maji chini ya ngozi ya mgongo, kwa sindano, mara moja au mbili kwa juma. Ni tiba isiyochukua muda, na paka wengi hupata nafuu nayo kwa siku kadhaa. La pili, dawa ya kuzuia kichefuchefu. Kwa kuwa upo edani na hupendi kutoka, mwombe aje nyumbani kama alivyofanya awali, au kijana ampeleke katika kikapu chenye mfuniko, kilichotandikwa kitambaa ambacho Kuhe amezoea kulalia. Hapo sioni haja ya kueleza zaidi. Kijana wako ameonyesha kwamba anajua la kufanya.

Itafika siku ambayo utunzaji huo hautasaidia tena. Utamwona hajilambi, manyoya yameshikana, amejikunyata pembeni bila kulala, amegeuzia chakula mgongo, na pengine hata mlangoni haendi. Mwulize daktari mapema, kabla ya siku hiyo, ni njia gani zilizopo za kumwondolea mateso, na umwulize shehe wako unayemwamini kuhusu hukumu ya kumfupishia mnyama maumivu yasiyo na tiba, ili uamuzi ukifika usilazimike kuufanya huku ukilia na kila mtu akisema lake. Akifa, mzikeni uani, shimo liwe la kina ili mbwa wasimfukue, na umruhusu kijana wako achimbe. Naye pia amefiwa na baba, na sijaona katika barua yako mahali ambapo amepata nafasi ya kulia.

Nimemwacha wifi yako mwisho kwa makusudi, kwa kuwa nadhani unamwogopa kidogo, na pengine umemchukia kidogo, na kwa maneno aliyokutamkia mbele ya watu sikulaumu. Lakini tazama jambo hili: yeye amepoteza kaka. Amekuja kukaa nawe, na kila alfajiri, akitoka kuchota maji ya udhu, anamkuta paka amekaa mlangoni anamngoja kaka yake. Wewe unapata faraja kidogo kwa kumwona Kuhe pale. Yeye huenda anachomwa upya kila siku, na kwa kuwa hajui la kufanya na maumivu hayo, ameyaita nuksi. Sisemi kwamba alikuwa na haki ya kukuaibisha. Mweleze mkiwa wawili, kwa sauti ya chini, kwamba neno lile lilikuumiza na kwamba Kuhe hatapelekwa popote. Kisha usimwache aondoke. Mpe ute wa yai na kile kibakuli amlishe yeye, kama mikono yake itakubali, na wakati anamlisha mwulize kaka yake alikuwa mtoto wa namna gani, na kama tangu udogo alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani na wanyama aliowaokota.